Samaki wa Vilindi vya Bahari

Ukipiga mbizi ziwani, masikio yanaanza kuuma. Kwa nini? Kwa sababu maji ni mazito. Maji yaliyo juu yako yanakubana pande zote. Ukizidi kushuka, yanazidi kukubana. Kubana huko kunaitwa mkandamizo wa maji.

Tazama ukucha wa kidole chako. Katika kina cha mita 10, maji yanabana mahali padogo kama ukucha huo kwa uzito wa kilo 1 hivi. Katika kina cha mita 100, ni kilo 10. Katika kina cha mita 8,000, ni kilo 800 na zaidi. Ni kama kuweka mifuko 16 ya saruji juu ya ukucha mmoja!

Je, samaki huishi chini namna hiyo? Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, lakini ndakala na mikebuka hawafiki chini kabisa. Chini ya mita 250 hivi maji yake hayana oksijeni, na samaki hawezi kupumua. Bahari ni tofauti. Karibu na ncha za dunia maji baridi sana huzama na kupeleka oksijeni mpaka vilindini. Kwa hiyo samaki hupumua hata huko.

Mwaka 2017 wataalamu walimpa jina samaki mmoja wa Shimo la Mariana, katika Bahari ya Pasifiki. Hukaa kwenye kina cha mita 7,000 hata 8,000 hivi. Je, ni mkubwa kama kiboko? Ana ngozi ngumu kama mamba? Hapana. Ni mfupi kuliko rula ya sentimita 30. Mwili wake ni laini, wala hana magamba. Mbona hapondwi?

Chukua mkebe mtupu, uufunge vizuri. Ukizamishwa chini sana utapondeka, kwa maana ndani yake mna hewa tu. Lakini mkebe wazi uliojaa maji haupondeki. Maji ya ndani yanasukuma sawa na maji ya nje. Samaki huyu ni kama mkebe wa pili: mwilini mwake hamna mfuko wa hewa.

Lakini iko hatari nyingine, isiyoonekana kwa macho. Mwili wa kila mnyama umejengwa kwa protini. Protini ni kama uzi mrefu wa shanga uliokunjwa vizuri. Umbo lake likiharibika, kazi yake inakoma. Ute mweupe wa yai ni maji na protini. Ukiupika, nyuzi hizo zinakunjuka na kushikamana, na ute unakuwa mgumu. Mwaka 1914 mtaalamu wa Marekani, Percy Bridgman, aliubana ute wa yai kwa nguvu nyingi sana pasipo moto. Kumbe, ukawa mgumu kama wa kuchemshwa! Mkandamizo wa bahari ni mdogo kuliko ule wa Bridgman. Hata hivyo unatosha kuzuia kazi ya protini nyingi za samaki wa juu.

Samaki wa vilindini hulindwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni shanga zenyewe. Protini moja ya misuli ina shanga 375 hivi. Katika samaki fulani wa vilindini, shanga chache tu zimebadilika katika vizazi vingi. Mabadiliko hayo madogo yanaisaidia protini kufanya kazi chini ya uzito mkubwa.

Njia ya pili ni kitu kinachoitwa TMAO, kilichomo mwilini mwa samaki wa bahari. Samaki akifa, vijidudu hukigeuza, na ile harufu kali ya samaki hutokea. Samaki akiwa hai, TMAO hushika maji yaliyo karibu na protini, na protini hudumu katika umbo lake. Kadiri samaki anavyoishi chini zaidi, ndivyo anavyokuwa na TMAO nyingi zaidi.

Lakini ulinzi huo una mpaka. TMAO ikizidi mno, maji ya bahari yataingia mwilini mwa samaki, naye atafura kama haragwe kavu lililolowekwa. Kwa hiyo mwaka 2014 wataalamu walikadiria kwamba samaki hawezi kuishi chini kupita mita 8,200 hata 8,400 hivi. Mwaka 2022, karibu na Japani, kamera ilipiga picha ya samaki kwenye mita 8,336. Hapo ni karibu na mpaka wenyewe!

Bahari inashuka mpaka karibu mita 11,000. Mwaka 1960 Jacques Piccard na Don Walsh walifika huko, wamefungiwa ndani ya tufe la chuma lenye unene wa sentimita 12 na zaidi. Binadamu alihitaji chuma kinene. Samaki mlaini wa vilindini hana chuma. Analindwa na vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.

Maswali
1. Kwa nini masikio yanauma ukipiga mbizi?
2. Kwa nini samaki hawaishi chini kabisa katika Ziwa Tanganyika?
3. Ute wa yai unatufundisha nini juu ya protini?
4. Taja njia mbili zinazowalinda samaki wa vilindini.
5. Kwa nini samaki hawezi kuwa na TMAO bila kipimo?