Baada ya Shule, Je? Somo Kutoka Kibanda cha Cherehani

Mwaka huu sikuleta shairi wala kisa cha sungura na fisi. Nimeleta somo, na ada yake niliilipa kwa jasho langu mwenyewe.

Mada yangu ni ile inayotusumbua sisi wa Kidato cha Nne kila taa za bweni zinapozimwa: baada ya shule, je? Na hasa hili: je, mtu anaweza kuishi kwa kazi aipendayo moyoni?

Swali lenyewe ni kongwe. Mwaka wa 1966, Baraza la Makanisa nchini lilitoa ripoti iliyobeba swali hilohilo katika jina lake. Vijana wengi walikuwa wakimaliza shule ya msingi bila nafasi ya kuendelea wala kazi ya kushika. Kutokana na ripoti hiyo vilianza vyuo vya ufundi vya vijijini, ambako kijana alijifunza useremala, uashi au ushonaji karibu na kwao. Tangu Katiba ya 2010, vyuo vya aina hiyo vimekuwa jukumu la serikali za kaunti. Shangazi yangu alifunzwa cherehani katika chuo kimojawapo, na leo ana kibanda chake sokoni mjini Eldoret. Humo ndimo nilimopatia somo langu.

Mimi napenda kushona. Nilianza na vitambaa vya mabaki, nikiwavisha wanasesere wa mdogo wangu. Nilipofika hapa shuleni nikawa fundi wa bweni. Ukichanika marinda asubuhi ya gwaride, ni kuniita tu. Ujira wangu ulikuwa kikombe cha sukari au kipande cha sabuni, na sifa tele. Nikavimba kichwa. Nikamwambia baba kwamba nikimaliza shule nitakuwa fundi wa nguo, basi.

Baba aliweka kikombe cha chai chini. "Sikuuza ng'ombe ili usomee kukanyaga cherehani," akasema. Yeye alitaka niwe muuguzi. Nilinuna siku mbili. Mama, ambaye hapendi kelele, akanituma kwa shangazi likizo ya Agosti. Wakati huo nilikuwa Kidato cha Tatu.

KUPENDA SI KUJUA

Wiki ya kwanza shangazi alinipa kufagia, kupiga pasi na kutoa nyuzi. Nililalama kimoyomoyo, lakini wahenga walishasema kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wiki ya pili ikaja kwaya moja ikitaka sketi nane za rangi ya samawati. Nikamwambia shangazi, "Niachie hii." Akanitazama, akasema, "Haya. Lakini kazi ni yako na lawama ni yako."

Nilipima viuno, nikapima urefu, nikanunua kitambaa cha pamba, nikakata, nikashona. Kazi ilipendeza hadi nikajipiga picha nayo. Wanakwaya wakachukua sketi zao wakishangilia. Kumbe! Walizifua kabla ya siku ya tamasha, zikapungua. Sketi iliyopaswa kufika chini ya goti ikapanda juu yake. Fikiria akina mama wa kanisa wamesimama mbele ya watu na sketi za watoto! Mwenyekiti wao alikuja kibandani na furushi zima, akaliweka juu ya meza bila kutamka neno. Heri angenitukana.

Shangazi aliniuliza swali moja tu: "Kitambaa ulikiloweka kabla ya kukata?" Sikuwa nimekiloweka. Wasomaji wenzangu, kitambaa cha pamba hunyooshwa na kuvutwa kinapofumwa kiwandani, na kikikutana na maji mara ya kwanza, nyuzi zake hujirudi na kitambaa hupungua. Fundi anayejua hukiloweka kwanza, akakikausha, akakipiga pasi, ndipo anapochukua chaki na mkasi. Mwalimu wetu wa sayansi kimu alilisema jambo hilo darasani. Nililiandika daftarini, nikapata alama katika jaribio, kisha nikalisahau nilipolihitaji.

Hapo nikajua tofauti. Anayependa hufurahia nguo iliyokwisha. Anayejua huona hatari kabla ya mkasi kugusa kitambaa. Ukipenda kupika, kuchora, kutengeneza redio au kutangaza mpira, jiulize: ni makosa gani ya kazi hiyo ninayoweza kuyaona kabla hayajatokea? Kama huyajui, bado wewe ni mpenzi wa kazi, hujawa fundi wake. Si dhambi, lakini usichukue pesa za watu.

CHOVYA CHOVYA HUMALIZA BUYU LA ASALI

Sasa tuje kwenye hesabu. Hapa naomba hata wale wanaokimbia somo hilo watege sikio.

Kwaya ililipa shilingi 900 kwa kila sketi, kitambaa kikiwa juu yangu. Sketi nane zikaleta shilingi 7,200. Nilipozishika nilijiona tajiri. Kitambaa kilikuwa mita 12 kwa shilingi 350 kila mita, yaani 4,200. Zipu nane zilinigharimu 240, uzi 180, vifungo 80, na nauli ya kufuata bidhaa 200. Jumla 4,900. Nikasema, faida yangu ni 2,300. Si haba kwa siku sita!

Shangazi akacheka. "Na kodi ya kibanda analipa nani? Makaa ya pasi je? Sindano ulizovunja?" Akatoa 600 za sehemu yangu ya kodi, 100 za makaa na 50 za sindano. Zikabaki 1,550. Kisha ikabidi niongeze pindo jipya kwenye sketi zote nane. Hiyo ilikuwa mita mbili nyingine, shilingi 700, na siku mbili za kazi bila malipo. Zikabaki 850 kwa siku nane. Gawanya mwenyewe. Ni kama shilingi 106 kwa siku. Kijana anayesukuma mkokoteni pale sokoni alinishinda, na hakuwa na vidonda vya sindano vidoleni.

Siandiki haya ili kuwavunja moyo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ninachosema ni kwamba mapenzi ya kazi hayana daftari, na daftari lazima uliweke wewe. Andika kila kinachotoka, hata kile kidogo unachokiona si kitu. Andika pia saa zako, maana nazo ni mali.

Shangazi alinifunza jambo jingine juu ya bei. Nilimuuliza kwa nini mtu alipe 900 wakati sketi ya mitumba inauzwa kwa bei nafuu hatua chache kutoka kwetu. Akanijibu, "Mitumba haiwezi kumpa sketi nane zinazofanana, kila moja ikimkaa mwenyewe." Ndiyo maana riziki yake kubwa hutoka kwa sare za kwaya na za shule, na kwa marekebisho ya nguo hizohizo za mitumba. Hashindani na mitumba, anakula nayo sahani moja. Basi wewe nawe usiulize tu, "Napenda nini?" Uliza pia, "Ni nani ana shida ambayo hiki ninachokipenda kinaweza kuimaliza, naye yuko tayari kuilipia?"

MTIHANI WA SKETI YA TANO

Kuna siri moja ambayo sikumwambia hata shangazi. Sketi ya kwanza niliishona nikiimba. Ya pili pia. Ilipofika ya tano, nilikuwa nimeichukia rangi ya samawati, cherehani na hata kwaya yenyewe. Mgongo uliuma, na mambo yalikuwa yaleyale: zipu, kiuno, pindo, zipu, kiuno, pindo.

Bweni halikuwahi kunionyesha upande huu. Kule nilishona nilipotaka na kuacha nilipochoka. Kazi ni ile sehemu inayorudiwa. Mtangazaji hasomi habari siku anayojisikia tu, na mpishi hukaanga kitunguu kilekile kila siku ya Mungu. Ukitaka kujua kama upendacho kinafaa kuwa kazi yako, kifanye mara nane mfululizo, kwa ajili ya mtu mwingine, kwa tarehe aliyoitaka yeye. Ukifika mara ya nane na bado unatamani kuifanya ya tisa iwe bora zaidi, basi hapo pana kitu.

Na kama hutamani? Hakuna ubaya. Si kila tunachokipenda sharti kitulishe. Kuna mambo yanayofaa kubaki burudani ya jioni, na huko yatakupumzisha maisha yako yote.

Mimi nilitamani ya tisa. Sijui niseme nini zaidi.

NJIA ZIPO

Wengi wetu hudhani kuna njia mbili tu, chuo kikuu au kukaa nyumbani. Si kweli. Kwa upande wa nguo pekee, nilipouliza nilipata njia hizi.

Kwanza, vyuo vya ufundi vya kaunti, vinavyopokea hata wasiopata alama za juu. Pili, kuna kujifunza kwa fundi, kisha kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Mtihani huo una daraja tatu. Unaanza na ya tatu, unapanda hadi ya kwanza. Cheti chake humfaa sana fundi aliyejifunza kwa mikono na hana karatasi ya kuonyesha. Tatu, kuna vyuo vya kitaifa vya ufundi, ambako mtu husomea stashahada. Nne ni chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Kenyatta hufundisha mitindo ya mavazi, nacho Chuo Kikuu cha Moi hufundisha uhandisi wa nguo. Chuo hicho cha Moi ndicho kilichonunua kiwanda cha Rivatex mjini Eldoret mwaka wa 2007. Kwa hiyo mtu aliyeanza na sindano bwenini anaweza kuishia kuendesha mitambo inayofuma kitambaa chenyewe. Lakini mlango huo wa mwisho unataka hisabati na fizikia. Mwenye kusema, "Mimi napenda kushona, hesabu za nini?" anajifungia mlango mwenyewe.

Tena si lazima uache kila kitu siku moja. Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna mifano nyumbani mwetu. Shaaban Robert (1909-1962) alifanya kazi ya ukarani serikalini kwa miaka mingi huku akiandika. Ken Walibora, aliyetupa riwaya ya Siku Njema mwaka wa 1996, aliwahi kuwa afisa wa probesheni. Baadaye akawa msomaji wa habari za Kiswahili runingani na mhadhiri wa chuo kikuu. Alifariki mwaka wa 2020. Mshahara uliwaweka mjini, nayo kalamu ikaendelea kukimbia. Usione haya kushika kazi moja ikulishe huku ile ya moyo ikikua.

BABA NA DAFTARI

Niliporudi nyumbani, sikumwambia baba kwamba nitakuwa fundi wa nguo, basi. Nilimpa daftari. Alivaa miwani, akasoma ukurasa mmoja mmoja, kitambaa, zipu, makaa, sindano. Alipofika mwisho akauliza, "Mia moja na sita kwa siku?"

"Ndiyo, baba."

"Na bado unaitaka kazi hii?"

"Ndiyo, baba. Lakini sasa najua ilipovujia."

Hakusema ndiyo. Alisema, "Leta alama kwanza, tutaongea." Siku ya kurudi shuleni, nilikuta koti lake la Jumapili limewekwa juu ya sanduku langu. Bitana ilikuwa imechanika. Hakuniambia kitu, nami sikuuliza. Nililirudisha likizo iliyofuata, na nilikuwa nimeiloweka bitana mpya kabla ya kuikata.

Wenzangu, hapo ndipo nilipofika. Matokeo ya KCSE bado, na baba bado anataja uuguzi mara mojamoja. Lakini siogopi tena swali la baada ya shule, kwa sababu nimeshalijibu kidogo kwa mikono yangu. Nawe jaribu likizo hii. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

MASWALI YA KUJADILI CHAMANI

1. Taja jambo moja unalolipenda. Ni nani anayeweza kulilipia, na kwa shida gani?

2. Ni makosa gani matatu ambayo anayeanza kazi hiyo huyafanya? Muulize anayeifanya, usikisie.

3. Andika gharama zote za kufanya kazi hiyo mara moja, pamoja na saa zako. Nini kinabaki?

4. "Mchagua jembe si mkulima." Je, methali hii inapinga mtu kufuata anachokipenda? Jadili.

Kwa leo naitua kalamu. Aliye na marinda yaliyochanika anajua bweni langu, ila siku hizi nina daftari. Sukari peke yake haitoshi!