Dondoo muhimu: Mtungi wa povu kazini

Mtungi wa povu wa kuzimia moto unafaa gereji, ghala la rangi na ofisi yenye makaratasi. Kwa mafuta ya kukaangia yanayowaka, hapana.

1. Soma lebo kabla ya kulipa: A ni mbao, karatasi na nguo, B ni petroli, dizeli na rangi.
2. Usiupulize kwenye umeme, povu lina maji.
3. Utundike karibu na njia ya kutokea. Kuuegemeza mlangoni ili mlango usijifunge ndilo kosa la kila siku.
4. Kila mwezi kagua: mshale kwenye kijani, pini na lakiri mahali pake, mpira haujapasuka.
5. Mwite fundi kila mwaka. Ukibonyezwa hata kidogo, ujazwe upya.
6. Petroli ikiwaka usilenge katikati, utaitawanya. Lenga ukuta ulio nyuma ya moto, povu litiririke na kuifunika.