Injini Ikilia Tik-tik: Oili Ikaguliwe Kabla ya Injini Kufunguliwa

Wenye matatu, teksi na pikapu za sokoni huingiwa na hofu wakisikia "tik-tik-tik" kutoka sehemu ya juu ya injini. Wengine huambiwa mara moja kwamba injini nzima lazima ifunguliwe. Hata hivyo, sauti hiyo ina sababu kadhaa, na baadhi huisha kwa kubadilisha oili na filta tu. Wakazi wanashauriwa kufuata hatua zifuatazo pamoja na fundi wao, kuanzia ile isiyo na gharama.

Sauti hutoka wapi?

Kamshafti ni mhimili wa chuma wenye vinundu. Kila kinundu husukuma tapeti, nayo tapeti hufungua vali. Kamshafti huzunguka kwa nusu ya kasi ya krenki, hivyo injini inayozunguka mara 800 kwa dakika hufungua kila vali mara 400. Nafasi kati ya kinundu na tapeti ikizidi, chuma hugonga chuma.

Hatua za ukaguzi

1. Kupima oili. Gari liegeshwe mahali tambarare, injini izimwe, na baada ya dakika chache kijiti cha oili kichomolewe. Oili ikiwa chini ya alama, tapeti hukosa ulainisho. Ikizidi alama ya juu, krenki huipiga ikatoa povu, na tapeti zinazojazwa oili hulegea.

2. Kusikiliza. Tapeti za aina hiyo zinaweza kulia kwa sekunde chache asubuhi baada ya gari kulala, na hilo si kasoro. Sauti ikiendelea injini ikiwa moto, ukaguzi uendelee. Sauti inayopotea injini ikipata joto huenda inatokana na ekzosi inayovuja, hivyo fundi atafute masizi kwenye maungio yake. Mgongo mzito kutoka chini ya injini ni tatizo lingine, na injini izimwe.

3. Kupima presha ya oili kwa geji. Taa ya oili haitoshi, kwa kuwa huwaka presha ikiwa tayari imeshuka sana. Taa hiyo ikiwaka safarini, dereva asimame mahali salama na kuzima injini papo hapo.

4. Kupima nafasi za vali. Si kila injini ina tapeti za oili. Kwa mfano, injini ya 1NZ-FE iliyomo katika Toyota Probox nyingi ina tapeti ngumu. Injini ikiwa baridi, nafasi inatakiwa kuwa milimita 0.15 hadi 0.25 kwa vali za kuingiza hewa, na 0.25 hadi 0.35 kwa vali za ekzosi. Marekebisho hufanywa kwa kuweka tapeti yenye unene unaofaa. Dawa ya kumwaga ndani ya oili haiwezi kuyafanya.

5. Kukagua kamshafti. Kinundu kilicholika huwa kimechimbika au kina mikwaruzo. Fundi apime urefu wake kwa maikromita na kuulinganisha na kipimo cha kitabu cha gari. Dalili nyingine ni silinda moja kukosa nguvu hata baada ya plagi kubadilishwa, na chembe za chuma ndani ya filta. Kamshafti mpya isifungwe juu ya tapeti zilizolika, kwa sababu zitaila nayo.

Kabla ya kulipa

Mwenye gari ana haki ya kuuliza fundi vipimo alivyopata, kuonyeshwa vipuri vilivyotolewa na kupewa risiti. Fundi asiye na kipimo chochote cha kuonyesha bado hajajua ugonjwa wa injini.

Oili chafu isimwagwe mtaroni wala mtoni. Ihifadhiwe katika mtungi uliofungwa na kukabidhiwa wanaokusanya oili iliyotumika.