JIWE LA KUSAGIA KATIKA NCHI YA MBULU NA HANANG

Wasomaji wetu, leo twataka kueleza habari za chombo ambacho mtu aweza kukipita shambani pasipo kukitazama, nacho ni jiwe la kusagia.

Hapo kale, kabla ya kuja mashine, unga ulisagwa nyumbani. Nyumba ya Wairaqw ilikuwa tembe: mara nyingi ilichimbiwa katika mteremko wa kilima, na paa lake lilikuwa la miti iliyofunikwa kwa udongo. Huko wanawake walisaga mtama, ulezi na uwele.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Jiwe kubwa la chini liliwekwa likiinama kidogo mbele. Mwanamke alipiga magoti upande ulioinuka, akashika jiwe dogo kwa mikono miwili, akalisukuma mbele na kulirudisha. Unga uliteremka haba na haba hata ukaanguka katika ngozi au ungo. Jiwe likilainika halisagi vema. Kwa hiyo uso wake uligongwagongwa kwa jiwe gumu, upate kukwaruza tena. Hivyo miaka mingi ikapita, na jiwe likachimbika katikati. Tuonapo shimo lile, twaona jasho la mama na bibi zetu.

Mashine za injini, na baadaye za umeme, zimewapunguzia wanawake taabu hiyo. Ndani yake nyundo za chuma huzunguka upesi na kuvunja nafaka, na unga hupita katika matundu ya chekeche. Hakuna atamaniye kurudia magoti.

Lakini tembe ikiachwa hubomoka kwa mvua ikawa udongo, jiwe hubaki. Mwaka 1938, katika pango la Mto Njoro, Kenya, Louis Leakey na mkewe Mary walifukua makaburi ya kale, wakakuta mawe ya kusagia na mabakuli ya mawe pamoja na mifupa. Kwa vitu hivyo twapata habari za watu walioishi yapata miaka 3,000 iliyopita, wasioacha maandiko.

Basi, walimu na wazee wa vijiji, jiwe la namna hii likionekana, lisivunjwe kujengea msingi, wala lisihamishwe upesi. Kwanza iandikwe mahali lilipolala, na wazee waulizwe palikuwa boma la nani. Jiwe lililoondolewa bila habari zake ni jiwe tu. Lenye habari zake ni kitabu cha nchi.