Somo: Sare ya shule kutoka nguo kuukuu



Mnamo Septemba 2019 serikali ya Kongo ilianza kutoa elimu ya msingi bila malipo katika shule zake, lakini sare ya bluu na nyeupe ilibaki kuwa mzigo wa mzazi. Mama aliyekimbia Masisi au Rutshuru na furushi moja ataitoa wapi? Mara nyingi imo ndani ya furushi hilohilo: suruali ya bluu ya baba iliyotoboka magoti, na shati lake jeupe lililolika kola.

Kwanza usafi. Chemsheni nguo na kuzianika juani. Kuni zikikosekana, zifungeni ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki nzima, kisha mzifue kwa sabuni. Wadudu wa upele hufa wakikosa ngozi ya mtu.

Suruali huchakaa makalioni na magotini. Chini ya goti kitambaa bado ni kizima. Msikimbilie mkasi! Fumueni mishono kwa wembe, polepole. Kila mguu utatoa vipande viwili, jumla vinne. Vikateni chini ya goti, kisha mvigeuze: sehemu nyembamba ya kifundoni iwe kiunoni, na ile pana iwe chini. Upande wa ndani uwe nje, maana jua halijaupausha. Unganisheni vyote vinne, tieni lastiki kiunoni, na sketi ya mtoto wa mwaka wa kwanza iko tayari.

Kwa shati, lazeni juu yake nguo inayomtosha mtoto na mkate kwa kuifuata, mkiacha upinde wa chini na vifungo mahali pake. Kutoboa matundu mapya ya vifungo ndiyo kazi inayochosha kuliko zote.

Pale ambapo mashini moja inatumiwa na wenyeji na wakimbizi, ugomvi mara nyingi huanzia kwenye sindano iliyovunjika. Kabla ya siku ya kwanza, pataneni juu ya zamu, na nani atanunua sindano na uzi. Kwa maoni yetu, ufunguo ukikaa kwa mwenyeji, daftari la pesa likae kwa mkimbizi, na kila Jumamosi lisomwe mbele ya wote. Wasiojua kusoma wasomewe kwanza, kabla fedha haijaguswa.