Kiangazi, mbao na makala (makaa ya mti): kila joto na kazi yake

Kuanzia Juni hadi mvua za Septemba, msumeno haupumziki Mugunga, karibu na Goma, na njia yote ya kwenda Sake. Mavuno ya msimu B wa kilimo yamekwisha, ada ya shule inakaribia, na mwenye mikaratusi iliyokomaa anaitazama kama akiba. Kabla hujakata, amua kila gogo litapelekwa kwenye joto gani. Jua, moto na tanuru huugeuza mti kwa njia tofauti, na ukikosea kiasi cha joto, hasara ni yako.

Mbao: joto la jua, ila kivulini

Mkaratusi uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake huweza kuwa maji. Maji ya ndani ya matundu ya nyuzi hutoka kwanza. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mti mkavu, kuta za nyuzi nazo huanza kukauka, na hapo ndipo mbao husinyaa zaidi. Husinyaa kwa upana na karibu haisinyai kabisa kwa urefu. Ndiyo sababu hujipinda. Mbao ya mkaratusi ikianikwa juani, ngozi hukauka kiini kikiwa bado kibichi, nayo hupasuka.

Kwa hiyo panga mbao chini ya paa la mabati, pasipo kuta, juu ya mawe ya volkano ili zisiguse ardhi. Kati ya safu na safu weka vijiti vya unene mmoja, kimoja juu ya kingine kwa mstari wima. Paka ncha rangi nzito, kisha weka mawe juu ya rundo. Chagua kipande kimoja, kipime kila juma. Uzito ukiacha kushuka, mbao imelingana na hewa ya hapa. Ni kazi ya miezi, na anayejenga nyumba ya mbao mbichi atahesabu nyufa za kuta kabla ya Krismasi.

Paleti zenye alama ya HT

Wengi hununua paleti zilizoleta mizigo Goma. Herufi HT maana yake kiini cha mbao kilifikishwa digrii 56 kwa dakika 30 mfululizo ili kuua wadudu waliomo. Joto hilo ni dogo: haliongezi nguvu ya mbao wala haliizuii kuliwa na wadudu wapya. Ukiona MB, mbao ilifukiziwa dawa ya sumu. Usiifanye kuni ya jikoni.

Mbao iliyopikwa: kati ya digrii 160 na 230

Finland wanapika mbao kwa mvuke, digrii 180 hadi 215, bila kuacha oksijeni iziunguze. Sehemu za mti zinazopenda maji, ambazo pia ni chakula cha kuvu, huvunjika kwanza. Mbao hutoka ya kahawia hadi ndani, hainywi maji sana, haivimbi sana na haiozi upesi. Lakini hulipia faida hiyo: huwa rahisi kuvunjika, na hata wao hawaishauri kwa nguzo za kufukia ardhini.

Usijaribu kuiga hayo kwa moto wa uani, maana hutaweza kushika kiasi cha joto. Zaidi ya yote, usikaushe mbao ya chukudu kwa moto. Chukudu, ile skuta ya mbao ya kusukuma, hubeba magunia kwenye mteremko wa mawe, na uti wake ukipoteza ukakamavu, utakatika mzigo ukiwa juu.

Wapo wanaobabua mguu wa nguzo kabla ya kuusimika. Husaidia kidogo, ikiwa nguzo ilikuwa kavu na imemenywa gome, na ukibabua mpaka juu ya usawa wa udongo, mahali uozo hupenda kuanzia. Lakini nyufa za makala hupitisha maji. Mugunga mawe hayana bei: simamisha nguzo juu ya jiwe.

Makala: kuni kavu, moto wa kubanwa

Matawi na magogo yaliyopinda ndiyo ya tanuru. Yapasue, yaache yakauke wiki nne hadi sita. Kilo 100 za kuni mbichi zenye kilo 50 za maji zinahitaji karibu kilo 7 za kuni kavu ili kuyageuza mvuke tu, hata kama joto lote lingefika panapotakiwa. Katika tanuru la udongo mengi hupotea, na kuni hizo ni makala yako inayoungua.

Maji yakiisha, tanuru hupanda. Karibu na digrii 280 mti huanza kutoa joto wenyewe; hapo punguza matundu ya hewa. Moshi mweupe mzito ni maji. Ukiwa mwembamba wa buluu, makala imeiva: ziba kila tundu. Ukifungua, iache hewani siku nzima kabla ya kuijaza guniani, kwa kuwa huweza kuwaka upya.

Kuni ziwe za shamba lako. Mugunga inapakana na Hifadhi ya Virunga, iliyowekwa mwaka 1925, na makala ya humo ni marufuku. Tangu 2007 mradi wa EcoMakala wa shirika la uhifadhi WWF umesaidia wakulima wa Kivu Kaskazini kupanda miti ya makala katika ardhi yao.

Kazi za mwezi huu

- Kata mkaratusi sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, mkato ulioinama, gome lisichanike. Kisiki kitachipua; bakiza machipukizi mawili au matatu yenye nguvu.
- Pasua mbao wiki ileile ya kukata, uzipange kivulini siku hiyohiyo.
- Usiwashe tanuru karibu na nyasi kavu wala siku ya upepo.
- Penye lava, tafuta nyufa zenye udongo, ongeza mboji sasa, ili miche iingie mvua za Septemba zikianza.