Tokeni nje kungali na mwanga



Mvua haijakatika hapa Koni tangu jana jioni. Mto Lufira umejaa, maji yake yana rangi ya chai ya maziwa, na barazani kwa mama kuna beseni la uyoga ulionunuliwa asubuhi kandokando ya barabara. Nilikuwa naupiga picha niwatumie ninyi wadogo zangu mlioko mbali, ndipo nikakumbuka barua ya mdogo wangu mmoja aliyeolewa Likasi mwaka jana, na sasa yuko Montréal na mumewe. Ameniandikia hivi: “Yaya, hatugombani kwa jambo kubwa. Tunagombana kwa kila jambo dogo. Tangu Desemba hatujatoka ila kwenda kazini na dukani. Nahisi baridi inaivunja ndoa yangu.”

Namjibu mbele yenu wote, kwa sababu najua hayuko peke yake. Mimi nilikaa Montréal majira tisa ya baridi kabla ya kurudi, na yale ya kwanza nusura yatutenganishe, mimi na mume wangu.

Mdogo wangu, kosa si la baridi. Baridi unaijua. Likasi iko juu, mita kama 1,300 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kipwa, majira yetu makavu, mwezi wa sita na wa saba, tunalala na masweta. Asubuhi tunaizunguka mbabula, mikono juu ya makaa. Lakini kumbuka ulikuwa unaizunguka na nani. Na mama, na wadogo zako, na jirani aliyekuja kuomba kaa la moto akakaa nusu saa. Ndoa za kwetu zinalelewa uani. Mume akinuna, kuna shangazi wa kumuuliza amekula nini. Mke akichoka kumtazama mumewe, anakwenda sokoni au kwenye mazoezi ya kwaya, na akirudi hasira imeshapoa. Kule mmefungiwa katika nyumba ya vyumba vitatu na nusu, kama wanavyohesabu wao, ile nusu ikiwa bafu. Shangazi hayupo. Mnabaki wawili, na kila mmoja anabeba kazi ya watu kumi.

Niwasimulie. Februari ya kwanza nilipata ndagala katika duka la Kiafrika, nikazikaanga asubuhi. Mume wangu alikuwa ametoka zamu ya usiku ghalani, amelala. Harufu ikamwamsha, akaja kufungua dirisha. Nje nyuzi 24 chini ya sifuri. Nikalifunga. Akalifungua. Hakuna aliyesema neno. Mara ya nne mpini ukanikatikia mkononi, dirisha likabaki wazi upana wa vidole viwili, na theluji ikaanza kuingia taratibu, chembe moja moja, ikitua ukingoni mwa jiko na kuyeyuka. Tukasimama tunaitazama. Mwishowe tulilia wote wawili, na ukituuliza tulilia nini, tusingeweza kukujibu. Baadaye, tukiziba ule upenyo kwa taulo, tulihesabu: siku zaidi ya thelathini hatukuwa tumetembea pamoja mchana.

Neno mchana nalisisitiza. Sisi wa huku tumezaliwa na jua linalochomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Montréal mwezi wa Desemba linazama kama saa kumi na dakika kumi jioni. Mtu wa zamu ya usiku anaweza kumaliza wiki nzima asilione. Mwili haukuzoea hivyo. Unakuwa mzito, usingizi hautoshi, kila sauti inaudhi. Ukimwona mwenzako hivyo, usikimbilie kusema amebadilika, wala msiruhusu mtu wa huku nyumbani awaambie kwamba amerogwa. Ikiwa wiki zinapita na hawezi kuinuka, hali, hacheki, pigeni 811. Ni bure, usiku na mchana, na unaweza kuomba kuongea na mtu wa masuala ya moyo na familia, si wa magonjwa ya mwili tu. Kumwuliza daktari kuhusu vitamini D nako si aibu.

Lakini kabla hamjafika huko, jiwekeeni siku moja kila wiki ya kutoka pamoja kungali na mwanga. Kwenda dukani hakuhesabiki, kwa sababu dukani mtagombania bei ya mafuta. Tokeni mkatembee tu.

Sisi tulianzia kwenye mlima Mont-Royal. Unashuka kituo cha metro cha Mont-Royal, unapanda basi namba 11, linakupandisha hadi juu. Kwa mtu aliyezoea milima ya kwetu ni kilima tu, mita 233, lakini bustani yake ni ya tangu 1876, na aliyeichora, Frederick Law Olmsted, ndiye aliyeshiriki kuchora Central Park ya New York. Pale juu kuna baraza kubwa ya mawe, unaliona jiji lote na mto Saint-Laurent ng'ambo yake. Theluji ikiwa kavu, inalia chini ya buti kama unga wa muhogo ukiuminya ndani ya mfuko. Pumua kwa pua utahisi vinyweleo vinaganda. Usiogope, ni hivyo tu.

Huko huko mlimani, karibu na ziwa dogo la Lac aux Castors, kuna mteremko wa watoto kuteleza, na uwanja wa barafu ambapo wanakodisha viatu vyenye chuma kama kisu chini. Vivaeni. Nawaambia kwa moyo wangu wote, vivaeni. Mume wangu, mtu mzima, mtoto wa fundi wa mitambo, aling'ang'ania mkono wangu kama mtu anayevuka mto uliofurika. Tulikuwa hatujashikana mikono tangu uwanja wa ndege. Tulianguka, mtoto wa miaka kama mitano akaja kutuonyesha jinsi ya kuinuka: goti moja kwanza, kisha mikono juu ya goti. Tuliporudi nyumbani tuliongea hadi saa sita usiku.

Mkiweza, mwezi wa Februari nendeni Ottawa kwa basi, ni mwendo wa kama saa mbili. Mfereji wa Rideau huganda, na watu huteleza juu yake kilomita 7.8, wengine wakienda kazini na mikoba mgongoni. Lakini jifunzeni kwao pia kuiheshimu barafu: majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023 haikufikia unene unaotakiwa, na njia nzima haikufunguliwa hata siku moja. Kama wao waliozaliwa nayo wanaipima kwanza, msikanyage mto wala ziwa lisilo na kibao cha ruhusa.

Shemeji yangu, neno lako ni hili. Najua kijana wa Likasi haendi kanisani bila viatu vya ngozi vinavyong'aa. Viweke ndani ya mfuko, uvivae ukishafika. Chumvi wanayomwaga barabarani inaacha mistari myeupe kwenye ngozi na kuipasua, na soli laini juu ya barafu itakuvunja kiuno. Pesa ya kwanza ni ya buti, zenye nafasi ya soksi nene za sufu. Koti zuri utalipata hata kwenye mitumba. Na mkeo akisema anasikia baridi, usimwambie atazoea. Mnunulie soksi.

Sasa jambo ambalo silegezi hata kidogo. Sisi watoto wa Koni tumekua karibu na mashine tatu za umeme, megawati 42, nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu na majirani wengi bado wanapika kwa makaa. Québec nyumba nyingi zinapashwa joto kwa umeme wa maji kama huu wa Lufira, ila kituo chao kimoja tu, Robert-Bourassa, kina megawati zaidi ya 5,600. Hata hivyo, umeme wao nao hukatika. Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha nguzo, nyumba zaidi ya milioni moja zikakosa umeme, nyingine kwa wiki nzima na zaidi, na baadhi ya watu walikufa kwa moshi wa majiko waliyoyawasha ndani. Umeme ukikatika, mkono wako utatafuta mbabula. Usiwashe makaa ndani, wala jiko la kuchomea nyama, hata dirisha likiwa wazi. Jifunikeni pamoja, au nendeni kwenye makazi ya dharura yanayofunguliwa na manispaa. Ile hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu, na hata huku kwetu kila kipwa inachukua watu.

Kuhusu simu za nyumbani nitasema kidogo tu. Sisi tuko saa saba mbele yenu wakati wa baridi. Tukiwapigia asubuhi yetu, tunawakatisha usingizi. Zimeni simu usiku. Kubalianeni kiasi cha kutuma kila mwezi kwa pande zote mbili, kiandikwe, na asiwepo wa kutuma kwa siri. Nimeona ndoa ikifa kwa dola hamsini zilizofichwa.

Mdogo wangu uliyeniandikia, Jumamosi msilale mchana. Chemsha chai ya tangawizi, uitie kwenye chupa, panda na mumeo basi namba 11. Mkifika juu, mpigieni mama simu ya picha, kwenu itakuwa adhuhuri na huku jioni imeanza. Mwonyesheni theluji. Mimi nitakuwa kwake, uyoga wako umeshaanza kukauka juu ya ungo.